Sentimita Nne kwa Siku Tisa

Jumatatu, 4 Machi

Siku imeanza vibaya, ikaendelea hivyo hivyo. Mzee Mkataji, mkuu wa meza ya kukatia hapa karakanani, katangaza kwamba anastaafu mwisho wa mwezi. Miaka ishirini na sita kashika mkasi, sasa macho hayamtii. Nafasi yake i wazi! Nani anastahili? Mimi, bila shaka. Miaka kumi na minne nakata suruali, na sijawahi kukata kidole cha mtu.

Tatizo ni Twiga. Twiga ni mkataji mwenzangu, ana miaka thelathini, mrefu hata mlangoni huingia akiinama. Haongei. Anaweza kumaliza siku nzima kwa salamu moja. Watu wanasema ana busara. Mimi nasema hana la kusema.

Meza yenyewe ilitengenezwa kwa kimo cha Mzee Mkataji, naye ni mlingoti. Twiga inamfaa. Mimi husimama juu ya kreti la soda, na karakana nzima huniita Nukta. Leo Mama Bosi, mwenye karakana, kapita na mgeni. Mgeni kauliza kwa huruma mbona fundi yule anakata nguo amepiga magoti. Nilikuwa nimesimama! Juu ya kreti!

Baadaye Mama Bosi katuita mimi na Twiga. Kuna sare za walinzi kumi na wawili wa kampuni ya ng'ambo ya barabara. Mimi nipime na kukata suruali, Twiga apime na kukata mashati. Atakayetoa kazi safi ndiye mkuu wa meza. Nimewapima walinzi wote leo hii, kwa tepu yangu ya siku zote, ile ambayo mke wangu, Mama Watoto, aliifungia godoro tulipohama nyumba. Ina makunyanzi lakini tumezoeana.

Jioni nimejipima mlangoni kwa tepu hiyo hiyo. Mia hamsini na tisa. Mkuu wa meza hawezi kuwa mia hamsini na tisa. Lazima nifanye jambo.

Jumanne, 5 Machi

Nimepata dawa! Nilikwenda kunyoa kwa Kinyozi, mlango wa tatu kutoka karakanani. Kinyozi huuza kila kitu: betri, miswaki, vocha, na sasa makopo. Kopo lina picha ya mwanamume anayeruka paa la nyumba. Limeandikwa kwamba ndani mna asidi amino, yaani arginini, lisini na ornithini, zinazoamsha homoni ya ukuaji iliyolala ndani ya mtu mzima. Iliyolala! Kumbe miaka yote hii nimefuga mvivu mwilini.

Kinyozi kaapa kwamba shemeji yake katumia makopo mawili, sasa anagonga taa kwa kichwa. Nimeomba kumwona huyo shemeji. Kasema kahama, nyumba ilimbana. Ushahidi gani tena nautaka?

Masharti: kijiko kimoja kwa siku, ndani ya maji. Nisijipime kabla ya wiki kuisha, maana kimo kikichunguliwa huona haya. Na ndani ya kopo mna zawadi! Tepu mpya, ya njano, namba zake nyeusi zinang'aa. Ya zamani nimemwachia Mama Watoto aifungie chochote atakacho.

Unga una ladha ya chaki ya fundi iliyochovywa kwenye siki. Mama Watoto kauliza nakunywa nini. Nimesema dawa ya mgongo. Kautazama mgongo, kalitazama kopo, kaendelea kukunja nguo.

Jumatano, 6 Machi

Mama Watoto kamwita mpwa wangu. Mtoto wa dada yangu huyu kasomea dawa, anauza katika duka la dawa la kona ile. Kaja na koti lake jeupe, kalisoma kopo mbele na nyuma, kavuta pumzi.

Kasema Mjomba, hiyo homoni haijalala. Kila mtu mzima anayo, inatoka kwenye kitezi kidogo chini ya ubongo, na hutoka kwa wingi mtu akiwa kwenye usingizi mzito na akifanya mazoezi. Kazi yake kwa mtu mzima ni kutunza misuli na mifupa, si kumrefusha. Asidi amino ziko tele kwenye mayai, maharage, samaki na maziwa. Na hakuna aliyethibitisha kwamba unga wa kopo umemwongezea mtu mzima kimo, hata cha unene wa ukucha. Ncha za mifupa yangu zilishafunga tangu ujana, kasema, kama mfuko ulioshonwa mdomo.

Nimemjibu kwamba mfuko ulioshonwa hufumuliwa. Mimi ni fundi, najua! Kamtazama Mama Watoto, wakatazamana. Kasema basi angalau nisizidishe kijiko, tumbo litanikomesha.

Neno moja nimelishika katika yote hayo: usingizi.

Alhamisi, 7 Machi

Nimekata suruali zote kumi na mbili! Tepu mpya inateleza kama siagi. Vipimo nilivyoviandika Jumatatu nimevifuata nukta kwa nukta. Mama Bosi kapita, kalalamika kama kawaida kwamba naacha pindo kubwa mno chini na kitambaa kingi mno nyuma ya kiuno. Eti napoteza mali. Marehemu baba yangu alinifundisha kuacha akiba, na sitaacha kuacha. Twiga kakata mashati yake polepole, kila kipande kakipima mara mbili. Mwoga.

Kwa furaha nimekunywa vijiko vitano. Hesabu ni rahisi: kama kimoja hurefusha kidogo, vitano hurefusha vizuri.

Saa nane mchana. Sitaki kuandika kilichotokea. Itoshe kusema kwamba choo cha karakana kiko mwisho wa ujia, na kwamba ninaweza kukimbia kwa kasi kuliko nilivyodhani. Mdomo wa mpwa wangu una nuksi.

Ijumaa, 8 Machi

Mpango wa usingizi. Kama homoni hutoka mtu akilala, basi nikilala mara mbili itatoka mara mbili. Baada ya chakula cha mchana nimejipenyeza nyuma ya majora ya kitambaa, nikajilaza chali, miguu nimeinyoosha kabisa ili urefu usipate kona ya kujificha.

Nimelala usingizi wa pono. Nimeamka nimezungukwa na mafundi. Wamenichora kwa chaki pande zote, kichwa mpaka miguu, na nje ya mstari wameacha akiba ya mshono sentimita moja na nusu! Mama Bosi kasimama mlangoni. Nimemwambia nilikuwa nachunguza jora lisiwe na kasoro. Kauliza kama ni kawaida yangu kuchunguza kwa kukoroma.

Twiga hakucheka. Kanipa mkono kuniinua. Sijui alikuwa na maana gani.

Jumamosi, 9 Machi

Wazo kubwa kuliko yote! Nani atamshauri Mama Bosi kuhusu suruali? Walinzi. Na nani anawaamuru walinzi? Masharubu, mkuu wao, mtu mwenye masharubu ya kuning'iniza mwavuli. Nikimpata Masharubu nimeipata meza.

Nimevuka barabara na kopo. Nimewaeleza habari za homoni, kitezi, arginini, yote. Mpwa wangu angejivunia. Masharubu kaniuliza kama kweli mtu wa miaka hamsini anaweza kurefuka. Nimemwambia anitazame mimi. Kanitazama, kakunja uso. Nimemwambia anitazame wiki ijayo.

Wote kumi na mmoja wamekunywa. Wa kumi na mbili hayupo. Aliondoka Jumatatu ile ile baada ya kupimwa, mkewe alikuwa karibu kujifungua. Hasara yake! Nimekubaliana na Masharubu kuwapelekea kila asubuhi, kijiko kimoja kimoja. Sijasema lolote kuhusu vitano.

Jumatatu, 11 Machi

Mazoezi. Nimejining'iniza kwenye bomba la kutundikia nguo zilizopigwa pasi. Bomba limeng'oka. Magauni ishirini ya kwaya yameniangukia, na juu yake pasi, bahati nzuri ya baridi. Twiga kalirudisha bomba bila kutumia ngazi. Majivuno hayo!

Jumatano, 13 Machi

NIMEKUA!

Wiki imekwisha, nimejipima asubuhi mlangoni kwa tepu mpya. Mia sitini na tatu. Nimerudia. Mia sitini na tatu! Sentimita nne kwa siku tisa! Nimepiga kelele, jirani kagonga ukuta.

Nimempigia mpwa wangu simu. Kisha kauliza nilijipima saa ngapi mara ya kwanza. Nimesema jioni. Kasema asubuhi kila mtu huwa mrefu kidogo, mgongo ukishapumzika, na ukikaribia jioni hubonyea tena. Lakini hiyo ni sentimita moja, labda na nusu. Basi hizo nyingine zimetoka wapi, daktari? Kasema hajui, na kwamba yeye si daktari. Kashindwa kwa hoja! Maskini, vitabu havina kila kitu.

Mama Watoto kanitazama nikipita jikoni, kasema suruali yangu inaburuza chini kama jana. Nimemsamehe.

Alhamisi, 14 Machi

Siku ya walinzi kujaribu sare.

Mashati ya Twiga yamewakaa sawa. Kisha suruali zangu. Wa kwanza katoka nyuma ya pazia, vifundo vyote viwili nje. Wa pili hivyo hivyo, na kifungo cha kiuno hakifiki. Wa tatu. Wa nne. Masharubu katoka wa mwisho, anatembea kama mtu anayevuka matope, soksi zake za mistari zote hadharani. Mzee Mkataji kavua miwani, kaifuta, kaivaa tena. Uso wa Mama Bosi ulikuwa unageuka rangi.

Nilidhani nimekwisha. Miaka kumi na minne, ndiyo hiyo inazama! Nilitaka ardhi ipasuke. Halafu, hamadi, ukweli ukanijia. Nimepanda juu ya kreti, nimewatangazia: ndugu zangu, suruali hazikupungua, ninyi ndio mmekua! Mmerefuka, na misuli imejaa kiunoni! Unga!

Kisha Masharubu kajitazama kwenye kioo, kajinyoosha, kasema ni kweli, tangu juzi anaona lango la kazini limekuwa fupi. Mwingine kasema naye anahisi viatu vinambana. Wamepiga makofi! Wamekumbatiana! Wamenibeba juu juu mpaka nje, na kwa mara ya kwanza nimeuona upara wa Mzee Mkataji kutoka juu.

Masharubu kamwambia Mama Bosi kwamba fundi kama mimi hajawahi kumwona. Mama Bosi kasema basi, kama wateja wameridhika, nikae mkuu wa meza kuanzia Jumatatu. MKUU WA MEZA! Twiga kasimama tu, kaangalia tepu yangu ya njano. Wivu humla mtu kimya kimya.

Nimekunywa vijiko viwili tu, kwa heshima ya siku.

Ijumaa, 15 Machi

Njia ya mwongo ni fupi. Mimi sikusema uongo, lakini njia yangu pia imekuwa fupi. Saa nne kasoro tu, mambo yakaharibika.

Yule mlinzi wa kumi na mbili karudi. Mkewe kajifungua mapacha, kwa hiyo sasa ni Baba Pacha, na amevimba kichwa kwa furaha. Kaingia nyuma ya pazia, kavaa suruali yake, katoka. Vifundo nje. Kifungo hakifiki.

Watu wakaanza kupiga makofi. Masharubu kampongeza kwa kurefuka. Baba Pacha kauliza kurefuka kwa nini, yeye siku zote hizi alikuwa hospitali na kwa mama mkwe wake, hajaonja unga wowote. Makofi yakakatika moja moja. Nikasema labda ni furaha ya watoto.

Hapo Twiga kafungua mdomo. Sentensi yake ya kwanza kwa wiki mbili! Kauliza, polepole, siku ya kuwapima nilitumia tepu gani. Nimesema ile ya zamani, iko nyumbani. Mama Bosi kanituma niilete. Nimeikuta imefungia mlango wa kabati la vyombo. Mama Watoto kaniangalia kwa macho ya huruma, na hiyo ilinitia hofu zaidi.

Twiga kazilaza tepu mbili sambamba juu ya meza, ncha zikilingana, kazinyoosha kwa kiganja. Mpya ikaishia. Ya zamani ikaendelea. Sentimita nne nzima! Godoro lile, na kabati, na miaka yote ya kuvutwa, vimeinyoosha kama mlenda. Siku zote nilipima kwayo na kukata kwayo, makosa yakasameheana. Safari hii nimepima kwa iliyolegea, nimekata kwa iliyo sawa.

Nimeona aibu. Naandika hivi hivi, nimeona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Walinzi hawakunitazama. Masharubu kajikunja kidogo, kama mtu aliyenyang'anywa kitu. Mama Bosi kasema mkuu wa meza ni Twiga, na kwamba kuhusu mimi atafikiri. Neno hilo, atafikiri, nimerudi nalo njia nzima.

Nyumbani sikula. Mama Watoto kaketi karibu nami. Kasema siku aliyokubali kuolewa alikuwa ameniona mzima mzima, hakuletewa nusu akidhani nusu nyingine iko njiani. Nimemwambia nina vumbi jichoni.

Jumamosi, 16 Machi

Nimeamka nikijua ni siku ya kufukuzwa. Nimejikaza kisabuni, nimekwenda.

Twiga alikuwa amefika kabla yangu. Kashika suruali moja, kageuza pindo nje, kamwonyesha Mama Bosi. Pindo langu kubwa! Kitambaa changu cha nyuma ya kiuno! Akiba tosha ya kurefusha na kupanua zote kumi na mbili. Twiga kasema fundi mwingine yeyote angekuwa ameharibu jora zima, kwa sababu hakuna mwingine anayeacha akiba kiasi hicho. Na kasema anataka nibaki mezani naye. Sentensi mbili kwa mpigo! Mama Bosi kalitazama pindo, kanitazama, kasema haya, fumua.

Tumefumua na kushona upya, mimi na yeye. Mpaka alasiri zote zilikuwa tayari, na Masharubu kaivaa yake ikafunika soksi. Kajitahidi kuonekana amefurahi.

Kabla ya kuondoka Twiga kaniomba nisimame wima bila kreti. Kanipima kutoka sakafuni mpaka kwenye kiwiko, kwa tepu ya njano, mara mbili, kaandika. Nimemwuliza ananipimia jeneza? Katabasamu tu. Nilipokuwa natoka nimemwona akirudi kutoka kwa seremala jirani na msumeno mkubwa, kauegemeza nyuma ya mlango. Mtu akipewa cheo huanza mambo ya ajabu.

Kopo limebaki vijiko vitatu. Nimelitia chini ya kitanda. Nimeachana nalo, kabisa. Mpwa wangu alisema kweli na nitamwambia, siku moja.

Jumatatu, 18 Machi

SIAMINI! NAANDIKA NIKIWA NIMESIMAMA!

Nimefika karakanani asubuhi, kreti langu halipo mahali pake. Kuna mtu kaligeuza kiti cha mlangoni. Nimeisogelea meza nikiwa na hasira, nimeweka mikono juu yake. Mikono imefika! Viwiko vimetua sawasawa juu ya mbao, bila kreti, miguu yote miwili sakafuni! Ijumaa meza hii ilinifika kifuani. Leo iko kiunoni!

Hiyo si sentimita nne. Hiyo ni zaidi ya ishirini! Na hapa hakuna tepu ya kusingiziwa, nimejipima kwa meza yenyewe. Kumbe unga ulikuwa unafanya kazi muda wote, ila taratibu, na Jumapili nimelala saa kumi na moja mfululizo. Usingizi mzito! Mpwa wangu mwenyewe alisema!

Nimewatangazia mafundi. Wote wamekohoa kwa pamoja na kuinamia cherehani zao. Ni vumbi, maana chini ya meza kumejaa unga wa mbao, kwenye kila mguu. Mchwa! Nimefagia mwenyewe, na nimemshauri Mama Bosi apulize dawa kabla meza haijaisha.

La kusikitisha ni Twiga. Leo kakata nguo amejikunja mgongo, kama mtu anayetafuta sindano iliyoanguka. Nimemwuliza kama anaumwa. Kasema hapana, yuko sawa, atazoea. Maskini kijana wa watu! Mimi napanda, yeye anashuka, na kweli kanifanyia wema, siwezi kumwacha hivyo.

Kesho namletea kijiko. Jioni hii napitia kwa Kinyozi kuchukua kopo la pili.